Oili Sili za Kombi: Ulizia kwa Kipimo, si kwa Jina



Katika miezi miwili iliyopita nimeulizwa swali moja na watu wasiopungua sita, wengine kwa simu na wengine mlangoni baada ya kikao: je, kombi inauzwa au haiuzwi? Walioniuliza kwa huzuni wako, na walioniuliza kwa matumaini wako pia, maana kila mwenye hisa ana haja zake. Mhariri ameniomba nieleze kwa maandishi yote yaliyotokea, ili wale ambao hawakuhudhuria nao wapate habari kamili. Nitafanya hivyo kwa furaha. Lakini hapana budi nianze na kitu kidogo sana kuliko kombi, nacho ni pete ya mpira inayoenea kiganjani, ambayo ilikaribia kutuuzia gari letu kabla sisi wenyewe hatujakata shauri.

Kwa faida ya familia zilizojiunga nasi karibuni, nieleze kwanza asili ya mali hii. Kombi yetu ni Volkswagen ya mwaka 1972, yenye paa la kuinuliwa, vitanda, na jiko dogo la gesi. Ilinunuliwa mwaka 1996 na familia nne kwa fedha za upatu. Siku hizo vijana wa Australia na New Zealand waliomaliza matembezi yao ya Ulaya walikuwa wakiyauza magari yao kando ya barabara ya Market Road, karibu na Caledonian Road, na mwenye tikiti ya ndege mkononi hakuwa mgumu wa bei. Tangu hapo kombi imewapeleka watoto wetu pwani ya Margate na Southend kila Agosti. Imebeba maharusi, imebeba wagonjwa, na imebeba masufuria ya pilau ya arusi na ya matanga. Watoto waliogombea kulala kule juu ya paa leo wana watoto wao wanaogombea mahali pale pale.

Zaidi ya mapenzi, iko sababu ya hesabu. Tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ lilipanuliwa likaenea London nzima, na gari lisilotimiza masharti ya moshi hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea. Gari lililokwisha kutimiza miaka 40 na kuandikishwa katika daraja la magari ya kihistoria halitozwi fedha hiyo, ilimradi halifanyi biashara. Halitozwi kodi ya mwaka ya barabarani vile vile, wala halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa MOT, ingawa sisi twalipeleka kila mwaka kwa hiari yetu, kwa sababu linabeba watoto. Kwa hiyo gari hili kongwe ndilo gari rahisi kupita yote tunayoweza kuwa nayo, maadamu injini yake ni nzima.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Majira ya baridi yaliyopita kombi ilianza kudondosha oili. Kwanza yalikuwa matone, kisha likawa doa la upana wa sahani, na hatimaye tukaanza kusikia harufu ya oili inayoungua kila tulipowasha joto. Tuliipeleka kwenye karakana moja, tukaambiwa kazi itagharimu pauni 640, na kwamba hata hivyo hawatoi ahadi kuwa itakauka. Juma hilo hilo akajitokeza mfanyabiashara wa magari ya zamani. Akaizunguka kombi, akachungulia chini, akatikisa kichwa, akataja bei ya kununua yenye upungufu mkubwa, na akasema upungufu huo ni kwa ajili ya oili.

Kikao kikagawanyika. Baadhi walisema tuuze kabla injini haijafa. Familia moja ilikuwa na mgonjwa nyumbani na ilihitaji hisa yake kwa haraka; haja hiyo ilikuwa ya kweli, na sitaki mtu yeyote aidharau. Mimi sikusimama kupinga kuuza, kwani mali ni ya wenyewe. Niliuliza jambo moja tu: je, twauza kwa sababu tumeamua kuuza, au twauza kwa sababu twaogopa tone la oili? Ikiwa ni kwa hofu, basi na tuijue kwanza bei ya ile hofu. Kikao kikanipa wiki sita.

Sili ni kitu gani

Mafundi wetu huiita oili sili, na nitatumia jina lao. Ni pete yenye mwili wa chuma uliovikwa mpira, na ndani yake mdomo mwembamba unaolalia juu ya chuma kinachozunguka. Nyuma ya mdomo huo mara nyingi kuna springi nyembamba kama uzi, iliyofungwa duara, ambayo kazi yake ni kuubana mdomo taratibu. Ubanaji huo ukizidi, mdomo huungua. Ukipungua, oili hupita. Walther Simmer, mhandisi wa kampuni ya Freudenberg huko Weinheim, Ujerumani, ndiye aliyebuni sili ya namna hii karibu na mwaka 1930. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1849 kama kiwanda cha ngozi, na ndiyo maana sili za kwanza zilikuwa na midomo ya ngozi. Mpira ulifuata baadaye.

Katika injini ya kombi yetu, ambayo ni ya sentimita za ujazo 1600 na hupozwa kwa hewa, sili kubwa iko moja tu. Hukaa upande wa flaiwili, mahali ambapo krenki hutoka ndani ya injini kuelekea kwenye klachi. Upande wa pili, kwenye puli, hakuna sili kabisa. Pamechongwa mifereji ya mzunguko kama ya skurubu inayoirudisha oili ndani. Kisha kuna mirija minane ya pushirodi inayopita chini ya silinda, kila mmoja una pete mbili za mpira kwenye ncha zake, jumla 16. Kuna pete mbili chini ya kipoza oili, kuna gasketi za vifuniko vya valvu, na gasketi za chujio lililo chini ya injini. Kila kimoja katika hivi ni kitu cha pauni chache, na kila kimoja chaweza kuichafua sakafu nzima.

Ugumu basi hauko katika bei ya mpira. Uko katika kuifikia ile sili ya flaiwili, kwa kuwa lazima injini yote ishushwe chini, nayo ina uzito unaozidi kilo 100. Mwenye karakana analipia jengo, bima na mishahara, na saa anazotumia lazima zilipwe. Simlaumu. Lakini yule anayelipa ana haki ya kujua kwamba katika zile pauni 640, vipuri vyenyewe ni sehemu ndogo sana.

Bei ya jina na bei ya kitu

Nilianza kwa kupiga simu. Nilipouliza seti ya sili na gasketi kwa ajili ya kombi ya kihistoria ya kulala safarini, nilitajiwa pauni 58, nayo huja katika sanduku zuri lenye picha ya kombi na ufuko wa bahari. Siku iliyofuata niliuliza mahali pengine seti ya injini ya 1600 ya Beetle, ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Nikatajiwa pauni 21. Nilipolinganisha orodha za vitu vilivyomo katika seti hizo mbili, sikuona tofauti, kwa sababu injini ni ile ile. Tofauti ya pauni 37 ilikuwa ni ada ya picha ya bahari.

Mzee wetu mmoja, aliyekuwa fundi Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kuja huku, alicheka nilipomsimulia. Akaniambia, "Mwalimu, dukani usiwape jina la gari. Waambie inaingia kwenye shimo la kiasi gani, na inakumbatia chuma cha kiasi gani."

Maneno yake yalinirudisha Dar es Salaam ya mwaka 1983, nilipokuwa mwalimu kijana na shule yetu ilikuwa na kombi iliyokuwa ikizeeka. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Vipuri havikuwapo madukani. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, mafundi wa Gerezani waliishi kwa akili na kwa venia kalipa. Ulikwenda kwao na sili ya zamani umeifunga katika gazeti. Hawakukuuliza ni ya gari gani. Waliipima kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kisha wakatafuta katika makopo yao, na mara nyingine sili ya pampu ya maji au ya trekta ndiyo iliyoingia barabara. Isipopatikana, walifungua ile springi ya uzi, wakakata kipande kidogo, wakaifunga tena ili iubane mdomo uliolegea. Gasketi walizikata wenyewe kwa karatasi ngumu, wakiigonga ukingoni kwa nyundo mpaka alama ya chuma itokeze.

Sisemi haya ili tutamani dhiki irudi. Springi iliyokatwa namna ile ilidumu miezi michache tu, na wale mafundi walijua hivyo. Ninachosema ni kwamba dhiki iliwafundisha kukitambua kitu kwa umbo lake, ilhali neema ya London inatufundisha kukitambua kwa jina lake, na jina ndilo linalouzwa ghali.

Kwa nini basi sili za gari la mwaka 1972 bado zinatengenezwa? Kwa sababu injini ile haikufa pamoja na gari letu. Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa duniani, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Nako Brazili, kombi yenyewe iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2013, na hadi mwaka 2005 ilikuwa ikitumia injini ya kupozwa kwa hewa. Kwa hiyo viwanda kama Elring cha Ujerumani na Sabó cha Brazili vimekuwa na sababu ya kuendelea na sili hizi. Anayekuambia kwamba kitu hiki ni adimu, mwombe kwanza akutajie vipimo vyake.

Utaratibu tuliofuata

Naandika sehemu hii kwa urefu kidogo kwa ajili ya wale wenye magari ya aina hii, na wapo watatu katika jumuiya yetu.

Kwanza, tulitafuta oili inatoka wapi. Injini chafu haisemi kweli, kwa kuwa upepo huirusha oili nyuma na kila kitu huonekana kimevuja. Tuliisafisha injini, tukaiendesha kwa dakika 20, kisha tukalaza maboksi yaliyokunjuliwa chini yake usiku kucha. Asubuhi matone yalikuwa ramani. Ikiwa tone liko pale injini inapokutana na giaboksi, linuse. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Hiyo hutoka kwenye sili ya giaboksi, na ukibadilisha ya injini utakuwa umefanya kazi ya bure. Letu lilikuwa la injini. Tukapata na mirija miwili ya pushirodi iliyokuwa ikitoka jasho, na gasketi moja ya kifuniko cha valvu iliyokauka kama ganda la mti.

Pili, tulikagua vile visivyogharimu senti. Injini hupumua kupitia bomba dogo. Bomba hilo likiziba, hewa ya ndani hujaa na kuisukuma oili kupita sili iliyo nzima kabisa. Kadhalika oili ikizidi kiasi; injini hii inataka lita 2.5 tu. Wako watu waliobadilisha sili mara tatu ilhali dawa ilikuwa kuzibua bomba kwa waya.

Tatu, tulihakikisha aina ya injini. Kombi za miaka ya 1970 zina injini za aina mbili. Ile ya 1600 ni ya ukoo wa Beetle, na namba yake imepigwa muhuri chini ya kikalio cha jenereta. Zile za 1700, 1800 na 2000 ni za ukoo mwingine, na sili zake hazibadilishani na hizi. Kwa hiyo jina la gari haliwezi kuwa dalili ya kutosha hata kwa muuzaji mwaminifu.

Nne, tulipima. Sili kubwa ya flaiwili katika injini yetu hukumbatia duara la milimita 70 na kukaa katika shimo la milimita 90. Sili nyingi zina vipimo vyao vimeandikwa usoni kwa utaratibu wa ndani, nje, unene. Futa grisi, utavisoma. Hii kubwa tuliinunua kwa jina la Beetle, kwa kuwa ukingo wake una umbo lake maalumu. Lakini oringi ndogo ndogo, na sili za kawaida za magurudumu na za giaboksi, zaweza kupatikana katika maduka ya beringi yaliyomo kwenye maeneo ya viwanda, mathalani Park Royal, ambako watu huuziana kwa milimita na hawana habari na historia ya gari lako.

Tano, tuliangalia ni mpira wa aina gani. Hapa ndipo bei nafuu na bei ya chini zinapoachana njia. Mpira wa naitraili, ulio mweusi na rahisi, hustahimili joto la nyuzi 100 hivi. Ule uitwao Viton hufika karibu nyuzi 200. Injini inayopozwa kwa hewa, ikipanda mlima siku ya joto ikiwa na watoto saba na mabegi yao, haitoi ahadi ya kubaki chini ya 100. Kwa sili inayotaka injini ishushwe, tofauti ya pauni saba au nane kati ya mpira mmoja na mwingine si kitu. Kwa gasketi ya kifuniko cha valvu, inayobadilishwa kwa kubanua waya mmoja, nunua ya chini kabisa na uwe na akiba. Kanuni ni nyepesi: usipime bei ya sili kwa fedha tu, ipime kwa kazi itakayotakiwa siku itakapokufa.

Sita, tulipofika penyewe hatukutia sili mpya na kufunga haraka. Mzee alipitisha ukucha juu ya shingo ya flaiwili kuona kama mdomo wa zamani umechimba mfereji. Palikuwa na alama hafifu. Akapasugua kwa msasa laini sana na oili. Kisha akapima mwendo wa krenki wa mbele na nyuma, ambao lazima uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na ambao hurekebishwa kwa pete tatu nyembamba za chuma. Mwendo ukizidi, krenki hucheza na sili mpya itavuja ndani ya mwezi mmoja. Ile mirija miwili ya pushirodi tuliibadilisha kwa mirija ya vipande viwili yenye springi, ambayo huingia bila ya kung'oa silinda hedi. Baada ya hapo valvu zikarekebishwa kwa nafasi ya milimita 0.15, injini ikiwa baridi.

Nati ya katikati ya flaiwili ni ya milimita 36, na inatakiwa ikazwe kwa nguvu ya nyutoni mita 350. Vijana wawili walitazamana. Basi nikapata nafasi ya kufundisha tena: ukiwa na mti wa spana wenye urefu wa mita moja, nguvu hiyo ni sawa na uzito wa kilo 35 na ushei ukining'inia mwishoni. Mjukuu wa mmoja wetu, mwenye miaka kumi na kilo zake 36, alining'inizwa kwa heshima zote, na nati ikakaza. Sidhani kama atasahau somo la mkazo wa mzunguko.

Hesabu yenyewe

Sili ya flaiwili ya Viton, pauni 14. Oringi, pauni 1. Mirija miwili ya pushirodi pamoja na pete zake, pauni 16. Gasketi za vifuniko vya valvu, pauni 4. Gasketi za chujio, pauni 4. Oili mpya, pauni 20. Mpira mpya wa petroli, pauni 9. Jumla ni pauni 68. Seti nzima, hata ile ya pauni 21, hatukuinunua, kwa kuwa hatukuhitaji nusu ya vilivyomo.

Mpira wa petroli haukuwa ukivuja, lakini nilisisitiza ubadilishwe. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani. Magari kama letu yanatakiwa kutiwa petroli ya daraja la juu, E5, na yawe na mipira inayoistahimili. Oili inayovuja huharibu sakafu; petroli inayovuja juu ya injini ya moto huteketeza gari na waliomo. Mahali hapo pasitafutwe cha bei ya chini.

Kazi yetu hatukuitoza. Ilikuwa Jumamosi mbili, watu wanne, na chai isiyo na hesabu. Asiye na mzee wa Mombasa na vijana wenye mikono atalipa zaidi, na ni haki yake kulipa. Lakini hata yeye aweza kwenda karakana akiwa na sili yake mkononi, aliyoichagua mwenyewe, na kuuliza bei ya saa za kazi peke yake.

Wala funzo hili si la wenye magari tu. Mashine ya kufulia inayovuja nyuma ya pipa lake ina sili ya ukoo huu huu, yenye namba tatu usoni. Kabla ya kuitupa mashine ya pauni 300, muulize anayeitengeneza akuonyeshe kilichokufa, na usome namba zake.

Kikao kilivyoamua

Baada ya safari ya kwenda na kurudi Margate, tulilaza boksi chini ya kombi usiku mzima. Asubuhi lilikuwa kavu. Yule mfanyabiashara alirudi, akachungulia tena, na bei yake ikapanda kwa pauni 1,500. Niliitaja bei hiyo mbele ya kikao bila ya kuongeza neno, maana ilikuwa sasa ni bei ya kombi, na si bei ya hofu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulikuwa karibu kuuza nyumba kwa sababu ya ufa.

Wenye hisa wakapiga kura. Wengi walisema isiuzwe mwaka huu, na jambo lirudishwe kikaoni baada ya Agosti ijayo. Familia yenye mgonjwa haikuachwa hivi hivi. Hisa yake imenunuliwa na mfuko wa upatu kwa bei ile mpya, nusu imelipwa siku ile ile na nusu italipwa kwa miezi sita, nayo ina haki ya kuirudisha hisa yake wakati wowote kwa bei iliyouzia. Kama tungeuza katika kikao cha kwanza, wangepata fedha pungufu, nasi tungebaki bila gari.

Safari ya pwani itakuwa Agosti kama kawaida, na orodha ya watoto imo kwa katibu. Venia kalipa, spana ya milimita 36 na mti wake wa mita moja viko kwangu, ni mali ya jumuiya. Atakayevihitaji aje avichukue, aandike jina lake daftarini, na avirudishe vikiwa safi.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu